Ukumbi ulijaa, hela hamna: naombeni ushauri kuhusu hafla ya kuchangisha ya klabu yetu

MwekaHazinaMpya

Habari zenu wakuu, mnivumilie maana hii ni ndefu na naiandika usiku, risiti zimejaa mezani na kichwa kinaniuma.

Mimi ni mweka hazina wa klabu ya huduma kwa jamii, hizi klabu ambazo wanachama wanakutana, wanalipa ada, wanafanya miradi. Jina la klabu silitaji wala sisemi tuko chini ya mwavuli gani. Cheo chenyewe nilipewa kwa sababu siku ya uchaguzi sikuhudhuria kikao, mnajua mambo yalivyo.

Wiki mbili zilizopita tumefanya hafla ya usiku ya kuchangisha, lengo ni tangi la maji na vyoo vya shule moja ya msingi. Ukumbi ulijaa, wageni 200, watu wamependeza, muziki safi, picha mpaka leo zinazunguka kwenye magrupu. Mwishoni rais wetu akapanda jukwaani akasoma jumla, ukumbi mzima ukasimama, vigelegele, mwalimu mkuu wa ile shule akalia machozi kabisa.

Sasa hiyo jumla ndiyo ninayolala nayo. Sitaki kuweka hela halisi hapa kwa hiyo chukulieni alitangaza 100. Kwenye hiyo 100, 40 ni ahadi, yaani mtu kanyanyua mkono akasema nitatoa halafu akaenda zake nyumbani. Taslimu iliyoingia ni 60. Kwenye hiyo 60 nimelipa ukumbi na chakula 27, muziki na vyombo vya sauti 8, mapambo 5, vitu vya mnada ambavyo tulivinunua wenyewe 4, kadi na mabango 2. Jumlisheni wenyewe, 46. Imebaki 14.

Kumi na nne! Na mwalimu mkuu anasubiri 100.

Rais anataka taarifa tunayoweka kwenye ukurasa wetu iseme 100 kwa sababu eti ndiyo iliyotangazwa, tukibadilisha tutaonekana wezi. Halafu wajumbe wawili wa kamati wanasema tuazime kidogo kwenye hiyo 14 tumalize deni la sare na nauli za mkutano mkuu, tutarudisha. Nimegoma kusaini na sasa hivi naonekana mchawi wa klabu. Tumekosea wapi? Na hafla kama hizi watu wengine mnazifanyaje mpaka kinabaki kitu?

kiti_cha_nyuma

Nimevuta kiti nyuma huku nasubiri wajuzi. Ila 14 kwa 100 aisee pole.

BibiMstaafu

Mwanangu pole, na hongera kwa kugoma kusaini. Nimekuwa rais wa klabu mara mbili na mweka hazina mara moja, na hiyo mara moja ndiyo iliyonitoa mvi.

Nianze na hilo la kuazima maana ndilo bomu. Klabu za Lions, hizi za huduma zilizoenea duniani, wana utaratibu wa mifuko miwili isiyochanganywa. Kuna mfuko wa uendeshaji, huo unajazwa na ada za wanachama, na kuna mfuko wa shughuli, huo ni hela ya umma, chochote walichotoa watu wa nje kwa jina la huduma. Hela ya umma inarudi kwa umma. Gharama za ile hafla yenyewe zinakatwa humo, ukumbi, chakula, uchapaji, hilo halina shida. Sare zenu na nauli zenu za mkutano ni za mfukoni mwenu, basi. Hata kama nyie si Lions igeni hilo, akaunti mbili benki, kila malipo saini zaidi ya moja, na neno "tutarudisha" lipigwe marufuku vikaoni. Mimi nimeshaona tutarudisha ikifikisha miaka minne na aliyeazima akahama klabu.

Hilo la 100 sasa. Wenzetu wa Rotary, nao ni klabu za huduma kama Lions, wana maswali manne ya kujipima, aliyatunga Herbert Taylor mwaka 1932 alipokabidhiwa kampuni huko Chicago iliyokuwa inaelekea kufilisika, na Rotary wakayapokea rasmi 1943. Swali la kwanza ni fupi kuliko yote: je, ni kweli? Ukishindwa hilo hayo matatu mengine ya haki na urafiki na faida huna haja ya kuyagusa. Sasa rais wako aulizwe tu, 100 ni kweli? Ilitamkwa kweli, lakini haipo.

Andikeni zilizoingia, zilizotumika, zilizobaki, na pembeni ahadi zinazosubiriwa. Watu wazima wataelewa. Na mwalimu mkuu mpigieni simu leo leo, au bora mwende, asije akasoma kwenye grupu kama tangazo la msiba.

MzeeWaNyundo

Bibi kamaliza upande wa vitabu, mimi niongelee jukwaani. Nimekuwa dalali wa kujitolea kwenye hafla kama hizi kwa miaka mingi, nyundo ninayo nyumbani.

Mkuu hapo kwenye "vitu vya mnada tulivinunua wenyewe" nimeumia roho. Kitu cha mnada hakinunuliwi, kinaombwa. Na si lazima kiwe kitu, mimi vilivyowahi kupandisha ukumbi ni vitu visivyouzwa dukani: fundi mzuri kutoa siku yake nzima, mpiga picha kutoa kazi moja, mchoraji kukuchora wewe na familia yako. Aliyetoa hajapoteza hela taslimu, aliyenunua anajisikia kapata kitu ambacho jirani yake hana. Mkinunua televisheni mkaipandisha pale juu kila mtu anajua bei yake, nani atazidisha?

Pili mpangilio wa usiku. Kitu kizuri kuliko vyote kinapandishwa katikati ya mnada, siyo mwisho, maana mwisho watu wanatafuta funguo za gari. Na mnada ufanyike kabla chakula hakijaisha. Mtu akishashiba na akishasikiliza hotuba nne (kuna klabu zina hotuba kama mvua za masika) huyo hana habari na wewe tena. Ule mnada wa kimya wa karatasi mezani, andikeni bei ya kuanzia na kiwango cha chini cha kupandisha, mfunge meza hizo mapema na mtangaze mmefunga, msiache zikafa zenyewe.

Tatu na hii ndiyo pesa yenyewe, watu wengi wanaikimbia kwa aibu: omba wazi. Baada ya mnada dakika kumi tu, unataja kiasi kikubwa, nani yupo hapa, halafu unashuka ngazi moja moja mpaka kile ambacho kila mtu anaweza. Lakini wale wawili wa juu uwe umeshaongea nao wiki iliyopita, ukianza juu na ukumbi ukanyamaza umekwisha, kimya kile hakitoki mpaka asubuhi.

Na ahadi mkuu ahadi! Ahadi ya mdomo ni upepo. Kila meza iwe na kadi, jina, namba ya simu, kiasi, TAREHE. Mtu ananyanyua mkono, kijana anafika hapohapo na kadi na kalamu, anasaini. Wewe una kadi ngapi?

MwekaHazinaMpya

Kadi sina hata moja. Nina karatasi ya katibu msaidizi aliyokuwa anaandika gizani, imeandikwa vitu kama "yule wa meza ya 6 shati jeupe" 😩

kiti_cha_nyuma

Meza ya 6 shati jeupe hahahahaha jamani mnanivunja mbavu

MpinzaniWaKawaida

Naomba niende kinyume kidogo maana naona mnamsulubu rais wa watu.

Hafla ya usiku siyo mashine ya hela peke yake. Klabu ikikaa mwaka mzima inachimba mitaro na kugawa miwani bila watu kujua ipo, wanachama wanazeeka, vijana hawaji. Usiku kama ule watu 200 wamekuja wameona nyie ni watu, wameona mna mradi, kesho mmoja anaomba kujiunga, mwingine ana kampuni anawakumbuka mwakani. Hiyo huwezi kuiweka kwenye hesabu ya 46 na 14. Mimi mwenyewe niliingia klabu kwa sababu ya hafla, nilialikwa nikaenda kwa ajili ya muziki nikabaki miaka tisa.

Kwa hiyo tusiseme imefeli, tuseme imegharimu.

BibiMstaafu

Mpinzani una hoja na nusu. Urafiki ni sehemu ya kazi hii toka mwanzo. Paul Harris, mwanzilishi wa Rotary, alipowakusanya wale wenzake watatu Chicago tarehe 23 Februari 1905 hawakuwa na mradi wowote, walikuwa watu wa kazi na biashara, wapweke mjini, wanatafuta marafiki, wakawa wanazungusha kikao ofisi kwa ofisi na ndiyo jina Rotary likatoka hapo (kwa Kiingereza "rotate" ni kuzunguka). Huduma ilifuata baadaye, na moja ya kazi zao za mwanzo mnajua ilikuwa nini? Vyoo vya umma mjini Chicago. Kwa hiyo mweka hazina usione aibu kuhangaikia vyoo, uko kwenye ukoo.

Lakini nusu ya hoja inayokosekana ni hii: usiku wa urafiki ulipiwe na wenye urafiki. Ukitaka kuonyesha klabu, andika kwenye kadi "usiku wa kuikaribisha jamii", toeni ada zenu mlipie. Ukiandika "kwa ajili ya maji ya watoto" mgeni akatoa, halafu 46 kwenye 60 imekuwa muziki na maua, umemtumia mtoto kualikia watu kwenye sherehe yako.

MpinzaniWaKawaida

Hapo mama nakubali. Maua 5 ni mengi.

NesiWaZamu

Mimi si mwanachama wa klabu yoyote ila nimewapokea sana, huwa mnakuja kwetu kazini na mabango na kamera. Naomba niseme mambo mawili, la pili litauma.

La kwanza, mnapenda sana siku moja kubwa. Mfano kuchangia damu. Klabu inatangaza siku yake ya maadhimisho, watu mia wanakuja asubuhi moja, tunafurahi, lakini chembe nyekundu zikihifadhiwa vizuri kwenye friji zinakaa kama siku 42 kwa aina ya mifuko inayotumika sana, na chembe sahani, zile za kugandisha damu, siku 5 tu. Miezi miwili baadaye mama anatokwa na damu baada ya kujifungua na nyie mko kwenye maandalizi ya hafla. Klabu nzuri niliyoifanyia kazi walikuja wakauliza kwanza, lini mnapungukiwa? Tukawaambia ni likizo ndefu wanafunzi wakiwa wameondoka. Wakagawa wachangiaji wao makundi, kundi moja kila baada ya wiki kadhaa, hakuna bango wala ngoma. Hiyo haikuwagharimu karibu chochote na ni huduma kuliko usiku wowote.

Vivyo hivyo kambi za macho. Kupima ni rahisi. Ukimpima mzee ukamwambia una mtoto wa jicho halafu ukafunga hema ukaondoka umempa nini? Anahitaji upasuaji, anahitaji wa kumpeleka na kumrudisha, anahitaji matone baada ya hapo na mtu wa kumwangalia. Kwa hiyo ukihesabu hela ya kambi usihesabu hema na chai ya madaktari, hesabu wale mtakaowakuta wanahitaji kitanda. Miwani ya kusomea ndiyo nyepesi, mtu akishapita miaka 40 huko karibu kila mmoja ataihitaji, hiyo mnaweza kumaliza palepale.

La pili. Umesema mwalimu mkuu alilia. Kulikuwa na watoto jukwaani?

MwekaHazinaMpya

Ndiyo. Watatu. Mmoja alisoma risala kuhusu vyoo vya shule yao.

NesiWaZamu

Nilijua. Yaani mtoto wa kike wa miaka kumi na kitu anasimama mbele ya watu 200 wenye glasi mkononi anaeleza anavyojisaidia shuleni. Na picha ziko kwenye magrupu mpaka leo umesema mwenyewe. Zitoeni.

MzeeWaNyundo

Dada nesi mimi nitakuwa mkweli, mtoto akisimama hela inatoka. Nimeona kwa macho yangu. Siyo kwamba nasema ni sawa.

NesiWaZamu

Kutoka kwa hela siyo kibali mzee wangu. Kuna njia nyingine, asimame mwalimu, asimame mzazi aliyekubali mwenyewe bila kusukumwa, au mtu mzima aliyesaidiwa zamani akaeleza kwa dakika tatu maisha yalibadilikaje. Mtu mzima anajua anachokitoa. Mtoto kaambiwa na mwalimu wake atakataaje?

MzeeWaNyundo

Haya nimekubali, na hiyo ya mtu aliyesaidiwa zamani nakuhakikishia inatoa hela kuliko risala. Risala watu wanapiga makofi. Ushuhuda watu wananyamaza, na dalali mwenye akili hapo ndipo anaposimama.

FundiSauti

Niongeze la kifundi, msicheke. Mimi ndiye huwa nafunga vipaza sauti. Nusu ya hafla mnazoona zimeshindwa kuchangisha ni kwamba meza za nyuma hawasikii kitu. Mbele wanalia nyuma wanaongea mpira. Nileteni masaa matano kabla ya hafla nijaribu, na mtu mmoja akae kiti cha mwisho kabisa aseme anasikia au hasikii. Na muziki uzimwe kabisa wakati wa kuomba, siyo upunguzwe.

Halafu meza ya malipo msiweke mlangoni moja tu. Nimeona watu wenye hela mkononi wamechoka foleni wakaondoka na mali waliyoshinda ikabaki. Wekeni sehemu tatu, na mgeni aandikishwe namba yake ya simu anapoingia siyo anapotoka.

kiti_cha_nyuma

Vipi bahati nasibu? Sisi mtaani tukitaka hela ya haraka tunauza vitiketi.

BibiMstaafu

Nchi nyingi bahati nasibu inahesabika kwenye sheria za michezo ya kubahatisha hata ikiwa ya hisani, unahitaji kibali. Ulizeni kwanza. Sitaki kuona klabu inakamatwa kwa sababu ya baiskeli.

MwekaHazinaMpya

Nimerudi wakuu. Ushauri wenu nimeuchapa nikaupeleka kwenye kamati (majina ya humu nimeyatoa msijali). Kabla ya kikao nilikaa na orodha ya mlangoni nikagundua kitu kimenitoa jasho.

Wageni 200, waliolipa tiketi ni 130. Hao 70 waliingia bure. Nimewapanga: kamati na wenza wao, marais wa klabu jirani na wenza wao, wageni wa heshima na wasaidizi wao, wanamuziki, wapiga picha, na kuna watu kumi na kitu hakuna anayejua nani aliwaalika. Mwenye ukumbi anatoza kwa kichwa, yeye hajui nani kalipa nani hajalipa. Kwenye ile 27 ya ukumbi na chakula 70 hao wamekula 9 na ushee. Yaani tungelipia viti vyetu wenyewe tungekuwa na 23 badala ya 14, bila kumwomba mtu yeyote hata senti.

Mimi mwenyewe nimo kwenye hao 70. Na mke wangu.

MzeeWaNyundo

Hapo ndipo. Sheria yangu ni moja, kamati inalipa tiketi ya kwanza kabla ya kumuuzia mtu. Rais ndiyo tiketi namba 1. Na kitu kingine, gharama zote kubwa zitafutiwe wadhamini kabla kadi hazijachapwa, huyu abebe ukumbi, huyu muziki, majina yao kwenye bango. Mkifika siku yenyewe gharama zimeshalipwa unasema kwa kinywa kipana kila utakachotoa leo kinakwenda kwenye tangi. Ukiwa huna wadhamini mpaka wiki ya mwisho ahirisha, usiogope kuahirisha.

MpinzaniWaKawaida

Na wageni wa heshima? Utamwambia mgeni rasmi alipe tiketi?

BibiMstaafu

Mgeni rasmi mmoja, halipi. Wasaidizi wake wanane, wanalipa au wanakaa kwenye gari. Nimeyasema hayo nikiwa rais na sijafa.

Mwanangu usikatishwe tamaa na 14. Mfuko wa Rotary ambao leo unapeleka mamilioni kwenye chanjo ya polio, wazo lake lilitolewa na Arch Klumph, rais wa Rotary wakati huo, mwaka 1917 na mchango wa kwanza kabisa uliofika, 1918, ulitoka klabu ya Kansas City, dola 26 na senti 50. Yalikuwa masalio ya mkutano, baki tu kama yako. Karibu miaka 70 baadaye wakasema wakusanye dola milioni 120 za polio, wakaja kutangaza 247 mwaka 1988. Ila walikuwa na jambo moja na walilishikilia.

Na hapo ndipo nakuuliza, nyie mna jambo gani? Mwaka jana mlifanya nini?

MwekaHazinaMpya

Mwaka jana miti. Mwaka juzi viti vya magurudumu. Kabla ya hapo sijui, nadhani madaftari.

BibiMstaafu

Ndiyo hivyo. Marais wetu wanakaa mwaka mmoja, tarehe 1 Julai anaingia mpya na jambo lake jipya, la mwenzake linakufa likiwa nusu. Miti nani anaimwagilia? Lions walikuwa hivyohivyo miaka ya mwanzo, kila klabu na lake, mpaka Helen Keller, yule mwandishi Mmarekani asiyeona wala kusikia, aliposimama kwenye mkutano wao Cedar Point, Ohio, mwaka 1925, akawaomba wawe mashujaa wa vipofu. Toka hapo ukisema Lions mtu anasema macho. Mchangiaji akijua nyie ni watu wa maji mashuleni hamhitaji kumweleza upya kila mwaka, na hamhitaji maua.

NesiWaZamu

Na muulize shule nani atatengeneza koki ikivunjika. Koki inavunjika mwezi wa tatu, nakwambia.

MwekaHazinaMpya

Taarifa ya mwisho kutoka kwangu labda, wiki ya tano toka hafla.

Tulikwenda shuleni mimi na katibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Mwalimu mkuu akanisikiliza mpaka mwisho akasema yeye alishajua siyo 100, alikuwa anajumlisha wakati watu wanataja ahadi na akapunguza nusu kichwani, ana uzoefu. Akauliza tu, mnaweza kuanza na tangi? Maana vyoo bila maji ni bure, maji bila vyoo vipya bado ni kitu. Tukakubaliana tangi kwanza, na kwenye bajeti tumeweka koki za akiba na mafunzo kwa mtu wa shule (asante dada nesi). Picha za watoto tumeziondoa kwenye ukurasa wetu, kwenye magrupu ya watu tumeomba, wengine wamefuta.

Taarifa ilitoka na namba zote, na rais mwenyewe aliisoma kikaoni. Alikuwa mdogo kama piriton lakini alisoma. Hakuna aliyetuita wezi, mtu mmoja tu alicomenti "maua 5?" na nadhani ni Mpinzani wa humu. Sare na nauli kila mtu kajilipia, wawili wamenuna.

Ahadi sasa. Nimepiga simu moja baada ya nyingine kwa wiki tatu, shati jeupe wa meza ya 6 tumempata kupitia picha, ni mtu mzuri sana kalipa yote siku hiyohiyo kasema alikuwa anasubiri kupigiwa. Kwenye 40 zimeingia 22. Kwa hiyo tuna 36, tangi linatosha na msingi wake.

Zimebaki 18. Jana nimekaa kuzipanga kwa majina ili nijue nianze na nani. 11 kati ya hizo 18 ni za wanachama wetu wenyewe. Na kubwa kuliko zote ni ya rais.

MzeeWaNyundo

😂😂 Wale wawili wa juu nilisema uongee nao wiki iliyotangulia.

BibiMstaafu

Kikao ni lini?

MwekaHazinaMpya

Alhamisi. Orodha ninayo kwenye bahasha, nakala mbili.

kiti_cha_nyuma

Nimehamisha kiti, niko mbele kabisa sasa.